Siku tisa na Mama kwenye gari la kulala, Dar hadi Tukuyu

Mama yangu ana miaka 68 na magoti yake hayataki tena basi. Dar hadi Tukuyu, kule Rungwe mkoani Mbeya, ni kilomita 900 hivi, mnasimama mara moja kula, mara mbili kuchimba dawa, na konda anaita watu kabla Mama hajamaliza kunyoosha miguu. Kwa hiyo mwezi wa saba nikakodi gari la kulala: Hiace iliyogeuzwa, godoro nyuma, jiko la gesi, friji ndogo, tangi la maji la lita 40 na turubai la kuvuta ubavuni. Shilingi 250,000 kwa siku, dizeli yangu mwenyewe. Ni hela nyingi, sikatai.

Morogoro tulipita tu. Mikumi barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na hapo mwendo wa taratibu ndio sheria yenyewe. Mama alihesabu tembo kumi na mmoja.

Safari yetu hasa ilianzia bondeni, pale kwenye mibuyu, Mto Ruaha Mkuu unapokuwa unaandamana na barabara. Mama amepita njia ile tangu msichana na hajawahi kushuka. "Mwanangu, simama basi niuone," akasema. Nikaegesha Ruaha Mbuyuni. Kijana mmoja muuza vitunguu akamwamkia, "Shikamoo bibi," kisha akatuonyesha mahali pa kusimama juu ya ukingo, kwa sababu ya mamba. Nikamweleza Mama kwamba maji yale ndiyo yanayoendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Akayatazama muda mrefu, fimbo yake mkononi. "Kumbe ndiyo haya yanayotuwashia taa." Tulikaa pale karibu saa nzima, hakuna aliyetupigia honi. Kwangu mimi, kodi ya siku ile ililipwa hapo.

Jioni tuliomba kulala kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, tukakaanga mayai na vile vitunguu vyekundu vya palepale. Usiku sasa. Bonde lile lina joto, na bati la gari linakuwa limenywa jua mchana kutwa. Dirisha moja halikuwa na wavu, tukachagua kati ya mbu na jasho. Ukikodi, kagua nyavu zote kabla hujatoka Dar, na kama unaweza, bondeni pita mchana ukalale juu Iringa.

Mlima wa Kitonga nilipanda kwa gia ya pili nyuma ya malori, nikiangalia geji ya joto la injini kuliko barabara. Gari halikusumbua, na hilo nalisifu kwa moyo wote, maana pale ndipo magari mengi hufungua boneti. Yanayoshuka yananuka breki. Ukipata sehemu pana, kaa pembeni uyapishe mabasi.

Iringa pampu ya maji ikakata. Nikampigia mwenye gari, akanielekeza kwenye fyuzi, haikuwa fyuzi. Siku tano zilizobaki tulichota kwa ndoo. Alinipunguzia kodi ya siku moja, lakini amana yangu aliirudisha baada ya wiki tatu za kukumbushana, na hilo sikulipenda. Andikishaneni tarehe ya kurudisha amana.

Tukuyu ni kinyume cha Ruaha. Baridi, manyunyu, vioo vinatoka jasho kwa ndani hadi asubuhi shuka la upande wa dirisha linakuwa bichi. Acha dirisha moja wazi kidole kimoja, hata kama unatetemeka. Mashuka waliyotupa na gari ni membamba mno kwa baridi ya Rungwe, nilinunua blanketi mbili sokoni.

Ila kule ndiko Mama alikochangamka. Tulikwenda Daraja la Mungu, ule upinde wa jiwe juu ya Mto Kiwira uliojengwa na volkano bila mkono wa mtu. Akina mama waliokuwa wakipita na ndizi walimsikia akiongea Kinyakyusa, wakatua mizigo. Tuliondoka na mkungu ambao hakuna aliyekubali tuulipie, Mama akirudia "ndaga, ndaga fijo", yaani asante, asante sana, hadi nilipowasha gari. Usiku ule tulichemsha ndizi na maziwa, mlango wazi, Mama amejifunika blanketi zote mbili, akinitajia majina ya mito aliyovuka akienda shule.

Nitalikodi tena mwakani, mwezi uleule, tufike Matema kwenye Ziwa Nyasa. Nimeshamwambia mwenye gari atengeneze pampu na aweke kingazi mlangoni, kwa sababu kile kidato cha kupandia ni kirefu kwa mtu wa magoti, na mara zote nilikuwa nageuza kreti la soda.