Uzoefu wangu na darasa la chapa binafsi Mombasa: ujumbe mkuu nilioupata kwa wateja wangu

Anayeuliza kama afanye darasa hili au asifanye, jibu langu ni afanye, lakini alipie sehemu ya kwanza peke yake. Darasa nililohudhuria Nyali limegawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kuutafuta ujumbe mkuu wa chapa yako, na hiyo nililipa shilingi 18,000. Ya pili ni picha za studio, nembo, rangi na matangazo ya mitandaoni, na bei yake inaipita ya kwanza kwa mbali. Nilichukua zote mbili, kwa hivyo nitazieleza zote, ingawa moja ina mengi ya kusemwa na nyingine machache.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Nawatolea watu magari ya mtumba bandarini, mengi kutoka Japani. Rais Ruto alipoagiza Septemba 2022 kwamba shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa, kazi ilirudi na ushindani ukarudi nayo. Ukipita barabara za karibu na bandari usome mabango yetu, utaona maneno ni yale yale: haraka, nafuu, waaminifu. Mteja aliye Kitale au Nakuru, ambaye hajawahi kukuona na anakaribia kukukabidhi akiba yake ya miaka, hana cha kumtofautishia wakala huyu na yule. Hilo ndilo lililonipeleka darasani.

Mwalimu alianza na historia kidogo. Fikra ya mtu kujijenga kama chapa ilivuma mwaka 1997, pale Mmarekani Tom Peters alipoiandikia katika jarida la Fast Company. Alilitaja hilo kwa ufupi akaliacha, nami nikafurahi, kwa sababu huku kwetu watu wameishi kwa majina yao tangu zamani. Kila mtaa una fundi wake na mama wake wa mahamri anayetajwa kwa jina na sifa yake. Tulilokuja kulitafuta ni namna ya kulifikisha jina hilo kwa mtu aliye mbali, asiye na jirani wa kumuuliza.

Kisha akatandika leso mezani, mpya, doti haijakatwa. Akauliza, "Mkienda Biashara Street, mnaanza kutazama wapi?" Mpambaji maharusi aliyekaa kando yangu akajibu papo hapo, "Kwenye jina." Wanawake wote chumbani tukaitikia. Pindo liwe zuri vipi, mji, ile sehemu ya katikati, ujae korosho za kila rangi, mwanamke wa Mombasa hatoi pesa kabla hajalisoma jina, yaani maneno yaliyochapishwa kwenye leso, maana hilo ndilo litakalokuwa likisema kwa niaba yake akishajifunga. Na jina la leso lina mlengwa wake. Kuna la mama, kuna la mume, kuna la jirani mwenye maneno mengi. Mwalimu akatuangalia mmoja mmoja. "Sasa jina lenu nyinyi linamlenga nani?"

Tukapewa karatasi tuandike sentensi moja. Mimi niliandika kwamba natoa magari bandarini kwa haraka na kwa bei nafuu. Aliisoma kwa sauti, akaniambia, "Dadangu, funika jina lako hapo juu, uandike la wakala wa jirani. Bado ni kweli?" Ilikuwa kweli tupu. Kila mmoja wetu alipitishwa kwenye kipimo hicho, na hakuna sentensi iliyosalimika. Mwenzetu mmoja ni mtembezaji wageni Fort Jesus. Alikuwa ameandika kwamba anaieleza historia ya ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Hayo kila mtembezaji pale anayaeleza. Alipobanwa aseme ni wageni gani humrudia au humtumia jamaa zao, alifikiri, akasema ni wenye watoto, kwa sababu watoto huwapa kazi ya kutafuta na kuhesabu mizinga huku wazazi wakisikiliza. Ujumbe wake ulikuwa umekaa hapo muda wote. Leo anajitambulisha kama mtembezaji wa familia zenye watoto, na amelishika hilo.

Lililonifaa zaidi ni kazi ya nyumbani. Tuliambiwa tuwapigie simu wateja wa zamani, na swali liwe hili: ukimwelekeza mtu kwangu, humwambia nini? Mwalimu alikuwa mkali sana juu ya swali hilo. Alitukataza kuuliza kama mteja aliridhika, kwa kuwa watu wetu wana heshima, na ukimuuliza hivyo atakwambia ndiyo, alhamdulillah, na simu itakwisha bila wewe kupata kitu. Lakini ukimuuliza anamwambia nini shemeji yake anayetaka gari, atakupa maneno anayoyatumia kweli. Maneno hayo yaandikwe kama yalivyotoka, yasipambwe.

Mzee mmoja wa Voi, mwalimu mstaafu, aliniambia, "Binti yangu, mimi huwaambia wewe hufichi. Ulinipa habari mbaya kabla sijatuma pesa. Yule wa kwanza alinipa habari nzuri tu, gari likafika, ndipo nikaanza kuambiwa ongeza, ongeza." Nilimwandika neno kwa neno. Mama mmoja wa Kitale alisema alipojua jumla mapema alikopa chamani mara moja, hakulazimika kurudi kuwaomba wenzake tena mbele ya watu. Kijana wa Nairobi alikumbuka kwamba nilimzuia kununua gari alilolipenda, kwa sababu lilikuwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na gari la namna hiyo haliruhusiwi kuingia Kenya. Hakuna hata mmoja aliyetaja haraka wala unafuu, maneno yaliyokuwa kwenye kadi yangu.

Kwa asiyeijua kazi hii, ngoja nieleze kwa nini jambo hilo ni zito. Mnunuzi huona bei ya gari mtandaoni, akaongeza nauli ya meli, akadhani amefika karibu na jumla. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haipigi hesabu kwa bei aliyolipa Japani. Inaanza na bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya, kama ilivyo katika orodha yake yenyewe, kisha inapunguza uchakavu kulingana na umri wa gari. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na ada ya maendeleo ya reli asilimia 2. Zinakuja pia gharama za bandari, za wakala wa meli, za usajili, na ada yangu. Mtu aliyenunua gari kwa bei ya kutupwa anaweza kukuta kodi imeizidi bei yenyewe. Wakati huo gari limeshafika Kilindini, na likikaa kupita siku za bure linaanza kutozwa ada ya kuhifadhiwa. Nimewaona watu wazima wakilia ofisini kwa jambo hili, na si mara moja.

Kutokana na simu zile tulikaa na mwalimu, kila mtu na zamu yake, tukachonga sentensi. Yangu ikawa: "Utajua gharama yote ya gari lako kabla hujatuma pesa Japani." Inatosha ndani ya herufi 139 za sehemu ya Kuhusu kwenye WhatsApp, na nafasi inabaki. WhatsApp ndiko wateja wangu waliko.

Tulibishana kuhusu neno "yote". Mwalimu alilipenda, mimi lilinitia hofu. Bei ya dola hubadilika gari likiwa baharini, na karatasi zikichelewa ada ya kuhifadhi huingia. Ukimwahidi mtu yote, kisha ukamwongezea hata shilingi elfu tano, umekuwa sawa na yule wakala aliyemsumbua mzee wa Voi. Hapa ndipo nilipoona mwalimu anaijua kazi yake, kwani hakuniambia niandike tu kwa sababu inavutia. Aliniuliza ningelazimika kufanya nini ili neno hilo liwe kweli. Jibu lilikuwa kutengeneza karatasi ya hesabu yenye tarehe na kiwango cha dola nilichotumia, kisha mistari miwili ya chini inayotaja mambo yanayoweza kusogea na yatasogea kwa kiasi gani. Sasa kila anayeniuliza bei anapata karatasi hiyo kwanza. Nina pia nakala ya mfano, iliyofutwa majina, ninayomtumia mtu mgeni kabisa ili aone ujumbe wangu una ushahidi.

Ujumbe huu una gharama yake. Mteja anayelinganisha mawakala watatu huniona mimi ndiye ghali, kwa sababu mimi nimeandika yote na wenzangu wameandika nusu. Wengine huondoka, na hilo linauma hasa mwisho wa mwezi. Mwalimu alikuwa ametuonya mapema kwamba ujumbe unaomchagua mteja wa aina moja utamkosa wa aina nyingine, na akatutaka kila mmoja amtaje kwa uwazi yule atakayekuwa tayari kumkosa. Wanaobaki kwangu ni walimu, wauguzi, watu wa chama, wenye bajeti isiyovutika. Hao ndio ninaopenda kuwahudumia, na ndio wanaoleta jamaa zao.

Kasoro zipo. Fomu zote zilikuwa za Kiingereza, ilhali karibu kila aliyekuwa chumbani anauza kwa Kiswahili. Mpambaji maharusi alihangaika na fomu ile mpaka mwalimu alipomwambia aiache, aeleze kwa mdomo. Alipoanza kueleza, alieleza vizuri kutushinda sote. Fomu hizo zingeandikwa upya kwa Kiswahili tungeokoa muda mwingi. La pili, hakuna ufuatiliaji. Tuliwekwa kwenye kundi la WhatsApp, na baada ya muda mfupi likajaa matangazo ya madarasa mengine. Ningependa mtu anipigie baada ya miezi kadhaa aniulize kama ahadi yangu bado inatimia, kwa sababu hapo ndipo msaada unapohitajika.

Na sehemu ya pili kwa kweli haikunipa kilichostahili bei yake. Picha ni nzuri, taa nzuri, koti limenikaa. Ila mpiga picha na mchora nembo hawakuwa wameusoma ujumbe tuliouhangaikia. Nilipewa nembo yenye meli na gurudumu, kama ya mawakala wengine wote, na matangazo yaliyorudisha yale yale ya haraka na nafuu. Nilipolalamika walibadilisha maneno, lakini ilinibidi niyaandike mwenyewe. Picha inayoniletea maswali zaidi ni niliyojipigia kwa simu: mkono wangu, kalamu, na ile karatasi ya hesabu.

Kwa jumla naipa sehemu ya kwanza nyota 5 na ya pili nyota 2. Inamfaa mtu ambaye tayari ana wateja, hata wachache, wa kuwapigia simu. Kijana anayeanza leo, asiye na mteja hata mmoja, nadhani atapata nusu tu ya faida, na kwa shilingi 18,000 namshauri afanye kazi kwanza. Ukijiandikisha, sema tangu mwanzo kwamba hutaki kifurushi cha picha, maana usiposema huwekwa kwenye ankara moja kwa moja. Na uwe na salio la kutosha kwenye simu: wazee wakianza kueleza, hawakati upesi.