Shifta fupi kwenye gari la manyuo: nunua nini kwanza

Ukitoka Dodoma mjini kuelekea Gairo unapita Chamwino, Mbande, Kibaigwa na Pandambili, na huko kote ni vibao vya 50 na matuta. Gia ya tatu, mbili, tatu, nne, tano, halafu unarudia. Mwenye Toyota Altezza au Subaru Impreza ya manyuo (ya kubadili gia kwa mkono) ambayo mkono wake wa gia unazunguka kama mwiko kwenye ugali hachelewi kuanza kuulizia shifta fupi, yaani mkono wa gia unaosafiri kidogo zaidi kutoka gia hadi gia. Kabla hujatuma hela Kariakoo, jua unachonunua.

Mkono wa gia ni wenzo tu. Una egemeo katikati: sehemu ya juu unaishika wewe, ya chini inasukuma vyuma vya giaboksi. Chukua mfano wa mkono wenye milimita 200 juu ya egemeo na 40 chini yake: uwiano ni 5 kwa 1. Shifta fupi ikirefusha sehemu ya chini hadi milimita 57, uwiano unashuka hadi karibu 3.5 kwa 1, na safari ya mkono inapungua kwa asilimia 30. Ila nguvu ya kusukuma inapanda kwa zaidi ya asilimia 40. Hakuna shifta inayokupa ufupi bila kukudai nguvu, hata muuzaji akisema nini.

Kingine: ndani ya giaboksi, ringi za sinkronaiza zinahitaji muda uleule kusawazisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Shifta fupi haizipunguzii kazi. Ukiwa na haraka kuliko ringi hizo, gia inalia na ringi zinalika mapema. Kwa hiyo unanunua raha ya mkono. Kasi ya gari inabaki ileile.

Pima kwanza, injini ikiwa imezimwa. Weka gia ya tatu, tikisa nobu (kichwa cha mkono wa gia) kulia na kushoto bila kulazimisha. Ikicheza sana, huenda bushi (vipande vya raba au plastiki kwenye viungo vya mkono) zimekwisha. Kisha ingiza gia zote. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, lakini ukiiwasha gia ya kwanza inagoma na rivasi inalia, tatizo ni klachi haiachii vizuri: toa upepo kwenye mfumo, kagua masta (pampu za klachi) ya juu na ya chini. Gia moja tu ikilia ukiwa mwendoni, mara nyingi ya pili au ya tatu, hiyo ni sinkronaiza, na shifta fupi itaimaliza haraka zaidi.

Namba moja: bushi. Hapa ndipo hela inaonekana. Vumbi la kiangazi na joto la ekzosi hukausha raba mpaka inapasuka. Kwenye Subaru za gia tano kuna fimbo ndefu chini ya gari kati ya mkono na giaboksi. Badilisha bushi za kiungo cha mbele pamoja na ile inayoshikilia nyuma ya fremu ya mkono, zote kwa mkupuo. Ukibadilisha moja, mchezo unahamia kwa mwenzake. Za poliuretheni zinadumu na zinakaza zaidi, ila zipakwe grisi ya silikoni la sivyo zitapiga kelele, na mtetemo kidogo utaingia ndani. Kwa gari la kila siku raba mpya ya kiwandani inatosha.

Altezza na Mazda Roadster mkono wake umekaa juu ya giaboksi yenyewe, kwa hiyo kazi inafanyika kutokea ndani ya gari. Ncha ya chini ina kikombe kidogo cha plastiki kinacholika au kupasuka. Ni kipande kidogo mno, na watu wanauza shifta nzima ya zamani kwa sababu yake! Magari yanayotumia nyaya, kama Toyota RunX, kagua bushi za ncha za nyaya kule kwenye giaboksi.

Namba mbili: oili ya giaboksi. Asubuhi za Juni na Julai gia ya pili ikiwa ngumu, halafu ikalainika baada ya kilomita chache, anza hapa. Fuata kitabu cha gari. Subaru za gia tano giaboksi na difu ya mbele vinatumia oili moja, hivyo ni GL-5 ya 75W-90 (alama za daraja na uzito zilizo kwenye kopo), lita 3.5 hadi 4. Roadster za zamani za gia tano zinachukua kama lita 2. Giaboksi iliyoandikiwa GL-4 usiipe GL-5 kwa kudhani namba kubwa ni bora: baadhi ya kemikali zake huathiri ringi za shaba, na utelezi wake hufanya ringi zishindwe kushika. Pasipo kijiti cha kupimia, fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma, angalau bado una oili ndani.

Namba tatu: shifta fupi yenyewe. Chagua inayopunguza asilimia 20 hadi 25, iliyotengenezwa kwa giaboksi yako hasa, na yenye bushi zake. Zinazodai 40 zinachosha mkono kwenye foleni. Kwa zile za kutokea juu, puliza vumbi lote kabla ya kufungua boliti za kava, kisha ziba tundu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Hamisha washa (visahani vya chuma vyenye tundu) zote za zamani kwa mpangilio uleule, maana washa yenye mawimbi ikisahaulika mkono utalia kama kopo. Roadster ina oili yake pale kwenye kiti cha mkono, kama mililita 90: nyonya ya zamani, weka mpya, na kava la raba lililochanika libadilishwe siku hiyohiyo. Ingiza gia zote na rivasi kabla ya kurudisha konsoli (plastiki ya katikati ya viti). Sehemu ya chini iliyorefushwa ikigusa chuma, gia haiingii hadi mwisho, na baadaye itachomoka ukiwa mwendoni.

Namba nne: nobu nzito. Gramu 400 hadi 500 husaidia mkono kupita pale panapogoma. Uzi wa skrubu ya nobu ni M12x1.25 kwa Toyota na Subaru, M10x1.25 kwa Mazda, M10x1.5 kwa Honda. Chukua yenye ngozi. Ya alumini ikiachwa kwenye jua la Dodoma saa nane mchana hushikiki.

Ya mwisho kabisa: kukata mkono wa gia na kuuchomelea uwe mfupi. Nguvu inapanda, ngumi inagonga konsoli, na chuma kilichochomelewa bila ustadi hupasuka pembeni ya weldi. Ukinunua gari la mtumba lenye mkono mfupi, vua kava na utafute alama ya weldi kabla ya kulipa.