Karatasi za Mau Mau kwenye kibanda cha vitabu kuukuu, Nakuru

Muuzaji aliapa ni orijino: tangazo la serikali ya mkoloni la Agosti 1953, lile la kuwataka Mau Mau watoke msituni wameshika matawi mabichi. Elfu mbili na mia tano. “Mzee, niruhusu niipeleke mwangani.” Mitambo ya kuchapa ya zamani ilitumia herufi za madini ya risasi, nazo huikandamiza karatasi, ukipapasa nyuma unahisi vijivimbe. Hii ilikuwa laini kama risiti ya supamaketi, na kivuli cha mkunjo kimechapwa pamoja na maandishi! Fotokopi. Nikacheka, nikalipa mia mbili, maana inasomeka vizuri. Magazeti yake ya miaka ya 60 ni halisi kabisa. Yafunue taratibu tu, mengine yameliwa na mchwa.