Kumwaga chokaa shambani: mashine ya kurusha au ya kudondosha?

Mashamba ya mahindi kandokando ya Lubumbashi yana udongo mwekundu wenye asidi, na chokaa humwagwa kabla mvua za Novemba hazijakolea. Mashine ya kurusha, ile yenye sahani inayozunguka, humaliza kazi haraka, na kwa mbolea ya chengachenga haina mpinzani. Chokaa ya unga ni habari nyingine: upepo unaipeleka kwa jirani, katikati inalundikana, pembeni haifiki. Kwa unga chukua ya kudondosha, ile inayoangusha unga chini yake kupitia matundu, hata kama inakwenda polepole.

Ipime kwanza. Ukitaka tani 2 kwa hekta, mashine yenye upana wa mita 1 ikisukumwa mita 10 juu ya turubai iangushe kilo 2. Ikipungua, panua matundu kidogo, rudia.

Adui yake ni unyevu. Unga ukilowa unaganda kwenye matundu, fimbo ya kukorogea inakwama. Usisukume kwa nguvu, itapinda. Mwaga unga wote, kwangua kwa kijiti.

Ya kurusha huliwa na kutu, kwa sababu mbolea hunyonya unyevu na kutafuna chuma. Ioshe siku hiyohiyo, ikauke kabisa, beringi zake uzipake grisi. Sahani usiipake: mbolea itanata.