Ndege za kukodi kutoka Nduli kwenda Ruaha: tathmini ya abiria

Kampuni ninayoitathmini inarusha ndege ndogo ya injini moja, aina ya Cessna Caravan, kutoka Uwanja wa Ndege wa Nduli, Iringa, hadi kwenye viwanja vya changarawe vya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viti ni vya kawaida na madirisha ni masafi. Nimeipima zaidi kwa namna inavyoziheshimu dakika za kuruka, maana katika nyanda hizi za juu ndipo roho za abiria zinapokuwa mikononi mwa rubani.

Nduli iko zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, kiasi kwamba jotoridi likifika nyuzi 28 ndege hupaa kana kwamba iko kwenye mwinuko wa mita 2,200 hivi. Hapo mabawa hubeba kidogo na rafadha, yaani panga linalozunguka puani, huvuta kidogo, hivyo ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuacha ardhi, na ikishaiacha hupanda polepole. Penye tambarare rubani anaweza kusubiri ipate mwendo. Penye vilima mbele hana nafasi hiyo, na akiinua pua kwa nguvu kabla mwendo haujatosha, mabawa hushindwa kuibeba ndege nayo huanguka ikiwa chini mno kuokolewa. Hata chanzo kikiwa kingine, viwanja vya milimani havina nafasi ya kusahihisha kosa: kule Lukla, Nepali, ambako njia ya kurukia ina mita 527 tu, Aprili 2019 ndege ndogo iliacha njia ikiruka, ikagonga helikopta zilizoegeshwa, na watu 3 wakafariki.

Ndiyo maana niliridhishwa na mizani ya kampuni hii. Kila abiria alipandishwa juu yake akiwa na begi lake mkononi, uzito ukaandikwa, kisha rubani akapiga hesabu na kumhamishia mbele kijana mmoja mnene aliyekuwa ameketi nyuma. Mzee mmoja aliyekuwa na sanduku la vipuri vya jenereta alikataa kuliacha.

“Mwanangu, nauli nimelipa yote.”

“Shikamoo, mzee wangu. Sanduku litakufuata kesho asubuhi na mapema. Wewe nataka ufike leo.”

Sanduku likabaki. Rubani ambaye angelipakia ili kuepusha maneno nisingependa kupanda ndege yake tena.

Kasoro iko ofisini mjini, wanakouza tiketi bila kumweleza mteja kwamba mwisho wa mzigo ni kilo 15 na kwamba begi linapaswa kuwa laini. Watu wanalijua hilo wakiwa tayari Nduli, ugomvi unamwangukia rubani, ambaye wakati huo anapaswa kuutazama upepo na mawingu badala ya kubembeleza wateja. Maelezo hayo yangeandikwa kwenye tiketi yenyewe, kwa herufi kubwa.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Anayekata tiketi aombe safari ya asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi, na mizigo mizito aitangulize kwa gari.