Kozi za GMAT: ipi ulipie, ipi uiache

Kabla hujatoa hata dola moja, ingia mba.com, tovuti ya GMAC, wenye mtihani huu wa kuombea nafasi katika shule za biashara, ufungue akaunti na kufanya mtihani wa majaribio. Wanatoa miwili bure. Kaa nao kama siku yenyewe: maswali 64, saa mbili na robo, simu imezimwa. Mimi sikufanya hivyo. Nililipia kozi ya mwaka mzima, nikatazama video za lugha miezi miwili, kumbe kilichokuwa kinaniangusha ni uwiano na asilimia. Pesa haikurudi.

Matokeo hayo ndiyo yatakuonyesha ununue nini. Mimi ningepanga hivi.

Namba moja ni maswali rasmi ya GMAC, pamoja na kitabu chao, Official Guide. Maelezo yake ni makavu, lakini kwa maswali ya ufahamu na hoja sijaona kampuni inayowafikia. Kama umebakiza alama chache tu na una nidhamu ya kuweka daftari la makosa, ishia hapo. Swali likikukwamisha, litafute GMAT Club, jukwaa la mtandaoni la wanaojiandaa na mtihani huu. Utakuta watu walishalibishania, na husomi kwa kulipa.

Kama hesabu uliagana nayo kidato cha nne, chukua kozi ya mtandaoni ya Target Test Prep. Inaanzia chini kabisa, sura baada ya sura, na mazoezi hadi uchoke. Ubaya wake ni urefu. Ukilipia kwa mwezi kisha ukazembea, unalipia uzembe wako.

Kozi ya Magoosh naiweka ya tatu: video fupi, bei nafuu kuliko nyingi. Inamfaa mwenye msingi anayetaka kukumbushwa. Anayewinda alama za juu kabisa, naona haitamfikisha.

Madarasa ya mubashara, kama ya Manhattan Prep au Kaplan, ni ghali, na kuna jambo wengi hulisahau: saa moja jioni ya New York ni saa nane au tisa usiku Dar na Nairobi. Tazama ratiba kabla ya kutazama bei.

Mwalimu binafsi mwache hadi ubaki na makosa yaliyogoma, kisha mlipe kwa saa tatu nne tu. Akikuahidi 720, jua anaongea mtihani uliostaafu mapema 2024. Alama za sasa zinaanzia 205 hadi 805 na zote huishia na 5. 645 ya leo inakaribiana na 700 ya zamani.

Kozi yoyote utakayoipenda, fungua kwanza sehemu yake ya Data Insights: majedwali, grafu na maswali ya kama taarifa zinatosha. Inabeba theluthi ya alama, na ndiyo pekee unayoruhusiwa kikokotoo. Ukikuta imewekewa video mbili tatu za kubandika, ondoka.

Mkiani kabisa ni vitabu vya mtumba na PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Nyingi ni za kabla ya mabadiliko, zimejaa jiometri na kusahihisha sentensi, vitu vilivyoondolewa. Ukifunua kitabu ukakuta sura nzima ya pembetatu, mrudishie muuzaji.