Tovuti ya majina ya jeni ya HGNC: nimeipima kwa jeni ya PRKN
Kwa anayesoma au kufundisha biolojia, tovuti ya genenames.org, ambako kamati ya HGNC hutoa bure majina rasmi ya jeni za binadamu, ni hazina, nami nimeipima kwa jeni moja ninayoijali sana. Niliandika PARK2, jina lililozoeleka katika makala za zamani, na tokeo likanielekeza kwenye jina rasmi la sasa, PRKN, huku lile la awali likiwa limehifadhiwa papo hapo pamoja na mahali jeni ilipo, yaani mkono mrefu wa kromosomu ya 6.

Jambo hili si dogo. Jina PARK2 lilitokana na ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka na kukakamaa mwili) unaowapata watu wangali vijana, ambao watafiti wa Japani waliuhusisha na jeni hiyo mwaka 1998. Jina jipya linatokana na protini yenyewe, parkini, yenye asidi amino 465, ambayo huzibandikia protini nyingine alama ya ubikwitini (protini ndogo inayotumika kama lebo), ili baadhi yake zipelekwe kwenye proteasomu, mtambo wa seli wa kuvunja protini, na kukatwakatwa vipande vidogo, na mitokondria mbovu, yaani vinu vya nishati vya seli vilivyoharibika, ziondolewe ndani ya seli. Naona jina hili ni la haki zaidi, kwa sababu jeni hii wanayo wagonjwa na wazima pia.

Anayetaka maelezo marefu ya kazi ya protini afuate kiungo cha UniProt, hifadhidata ya protini, kilichomo katika ukurasa huohuo.